Siri ya Mwajiriwa na Dhamana ya Mwajiri

Aprili 1999, Edwin Cameron, jaji wa Mahakama Kuu ya Afrika Kusini, aliketi mbele ya tume ya utumishi wa mahakama akisailiwa kwa nafasi katika Mahakama ya Katiba. Hapo, mbele ya watu wenye uwezo wa kumnyima kazi, akatamka kwamba anaishi na VVU. Alikuwa ameijua hali yake tangu 1986. Muda wote huo alitetea haki za wenye virusi, akapanda hadi ujaji, na hali yake mwenyewe hakuitangaza.

Wengi humsifu kwa ushujaa, na anastahili. Lakini Cameron mwenyewe alieleza kwamba aliweza kusema kwa kuwa cheo kilimlinda na mshahara ulimpatia dawa, wakati hospitali za umma nchini mwake zilianza kuzigawa kwa mpango wa kitaifa mwaka 2004 tu. Desemba 1998, miezi michache kabla ya usaili ule, Gugu Dlamini, mwanaharakati wa eneo la Durban, alipigwa na kundi la watu hadi kufa baada ya kutangaza kwamba ana VVU. Yeye hakuwa na cheo cha kumkinga.

Ndiyo maana wito wa kila mfanyakazi “kuwa muwazi” unahitaji kuchunguzwa. Mwanasosholojia Erving Goffman alionyesha mwaka 1963 kwamba mwenye jambo lisiloonekana hubeba kazi ya ziada: kupima kila siku amwambie nani, lini na kwa kiasi gani. Kazi hiyo hailipwi. Anayemhimiza aifanye haraka ndiye asiye na cha kupoteza.

Sheria imesaidia. Mwaka 2000, Mahakama ya Katiba iliamuru shirika la ndege la Afrika Kusini limwajiri Jacques Hoffmann, aliyekataliwa kazi ya uhudumu wa ndani ya ndege kwa sababu ya VVU. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inakataza ubaguzi wa namna hiyo. Kenya, kwa sheria yake ya 2006, ilipiga marufuku kumlazimisha mwombaji kazi kupima, ikaunda na baraza maalumu la kusikiliza malalamiko.

Hata hivyo, mkataba usiohuishwa hauandikwi sababu, na minong’ono ya kantini haina shahidi. Kwa kibarua anayelipwa kutwa, bila karatasi yoyote mkononi, vifungu hivyo viko mbali sana.

Mfanyakazi anayenyamaza, basi, asihesabiwe mwoga wala mnafiki. Mwajiri anayetaka kuambiwa ukweli aanze yeye: aandike mikataba, afunge mafaili ya afya yasisomwe na kila karani, na amwadhibu anayevujisha siri ya mwenzake.