Jiwe, Risasi na Kompyuta: Safari ya Herufi Zetu katika Chapa

Vitabu tulivyorithi kwa wazee wetu ni vya namna mbili. Viko vilivyopigwa chapa kwa herufi za risasi, mistari yake imenyooka kama safu za askari. Na viko vilivyopigwa chapa kwa jiwe, ambavyo mjukuu akivifungua huuliza kama vimeandikwa kwa mkono. Swali lake ni la haki, kwani vimeandikwa kwa mkono kweli, kisha vikapigwa chapa.

Chapa ya jiwe ilibuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa miaka ya 1790, na msingi wake ni kwamba mafuta na maji havipatani. Mwandishi huandika kwa wino wa mafuta juu ya karatasi maalumu. Maandishi huhamishiwa kwenye jiwe la chokaa lililosuguliwa. Jiwe hulowanishwa, kisha hupakwa wino. Wino hushika penye maandishi na kukataa penye maji. Matbaa za Bombay na Lucknow ziliipokea kazi hii kwa mikono miwili. (Neno letu lenyewe, chapa, tumelipata Bara Hindi.) Sababu haikuwa urahisi wa bei peke yake. Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno, hata mpangaji wa risasi katika matbaa ya Bulaq, Cairo, alihitaji mamia ya vipande mbele yake. Jiwe halikudai kitu ila mkono mzuri.

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alichagua risasi. Matbaa yake ya Kisultani ilitoa vitabu vikubwa vya Kiibadhi, miongoni mwavyo Qamus al-Sharia cha Jumayyil bin Khamis al-Saadi wa Oman, na tafsiri ya Qurani, Himyan al-Zad, ya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish wa Mzab, Algeria. Mwanachuoni wa ukingo wa Sahara, na kitabu chake kinapigwa chapa katika kisiwa cha karafuu! Mji huohuo, misheni ya UMCA chini ya Edward Steere nayo ilikuwa na mtambo wake, ikichapa Kiswahili kwa herufi za Kirumi.

Basi Kiarabu kikapata risasi, na Kiswahili cha Kirumi kikapata risasi. Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ambacho babu zetu waliandikiana barua na bibi zetu wakahifadhi tenzi, kwa sehemu kubwa kilibaki mkononi. Hapo ndipo penye taabu yetu ya leo.

Herufi za risasi za Bulaq za mwaka 1905 hazikufa. Msahafu wa Cairo wa mwaka 1924 ulipangwa kwa herufi za matbaa hiyo, na katika zama zetu Khaled Hosny wa Misri amezifufua ndani ya kompyuta kwa jina la Amiri, zikitolewa bure kwa kila atakaye. Mimi niliyekula mkate wa ukarani mbele ya taipureta naziona kuwa neema. Na ziko matbaa ndogo zinazorudisha kazi hii kwenye mtambo wa zamani: ukurasa hupangwa kwenye kompyuta, hutolewa filamu, filamu hulazwa juu ya sahani ya plastiki inayoathiriwa na mwanga, na mwanga mkali huigandisha sahani penye maandishi. Palipobaki laini huoshwa kwa maji. Hubaki herufi zilizoinuka, tayari kupakwa wino na kukandamizwa karatasini.

Wapwa zangu wanataka wasia wa babu yetu mkuu uchapwe kwa njia hiyo, wote kwa Amiri, safi, bila madoa wala maandishi ya pembeni. Nia yao njema, lakini sikubaliani nao. Anayepanga herufi analazimika kusoma, na anayesoma anachagua. Katika hati ya wazee b na p huandikwa kwa herufi moja, i na e hutumia irabu moja, na m inayotangulia b mara nyingi huachwa. Herufi mbili za ba zenye fataha zaweza kuwa baba, papa, bamba au pamba. Mkono wa marehemu uliyaacha yote wazi kwa sababu wasomaji wake walijua. Kompyuta haitaki uwazi huo. Na neno lenye utata katika wasia wetu ni jina la shamba alimozikwa mkewe. Tukichapa jina moja, baada ya kizazi kimoja hakuna atakayejua kwamba lilikuwapo la pili.

Sahani ile ya plastiki, hata hivyo, haichagui. Picha ya hati yenyewe, pamoja na madoa na maandishi ya pembeni, yaweza kufanywa sahani kama jiwe la Bombay lilivyobeba mkono wa mwandishi. Nimependekeza hati iwe ukurasa wa kulia, na wa kushoto uwe Amiri na Kirumi, na penye utata ziandikwe njia zote za kusoma.

Dada yangu husoma Papa, ami yetu aliyeko Dubai husoma Bamba. Jamaa mlioko Uingereza, Marekani na kwingineko, mwenye barua au hati ya kale inayotaja shamba hilo atupelekee picha yake kabla ya filamu kutolewa. Ikipatikana iliyoandikwa kwa Kirumi, itakuwa bora zaidi.