Kupunguza Nini? Asili ya Neno "Downsize" na Tafsiri Yake

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa nyaraka za ajira ni kitenzi cha Kiingereza "downsize". Kimeundwa kwa maneno mawili ya kawaida, moja la "chini" na jingine la "ukubwa", na kwa sababu hiyo wengi hukifasiri "kupunguza ukubwa". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwa nini tafsiri hiyo haitoshi.

Kitenzi hiki kilizuka Marekani katikati ya miaka ya 1970, wala hakikuzuka kwa ajili ya watu. Bei ya mafuta ilipopanda ghafula kuanzia mwishoni mwa mwaka 1973, viwanda vya magari vya nchi hiyo vililazimika kuunda magari yasiyotumia petroli nyingi. Kampuni ya General Motors ilitoa magari yake makubwa ya mwaka 1977 yakiwa mafupi na mepesi kuliko yaliyotangulia, na kazi hiyo ya kuyapunguza ndiyo iliyoitwa kwa neno hili. Kilichopunguzwa kilikuwa chuma. Dereva alibaki kitini pake.

Katika miaka ya 1980 neno lilihama kutoka kwenye gari hadi kwenye kampuni yenyewe. Yambwa ya kitenzi ikawa kampuni, si wafanyakazi. Hivyo ikawezekana kutangaza kwamba maelfu ya watu wataachishwa kazi bila ya kumtaja hata mmoja wao. Neno la ufundi likageuka tafsida.

Sheria za kwetu hazikulitegemea neno hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ilitumia "retrenchment", neno lenye asili ya Kifaransa na maana ya kukata. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ilitumia "redundancy", ambalo asili yake ya Kilatini ni kufurika. Maneno ni mawili, lakini yote yanamhusu mfanyakazi anayeondolewa bila ya kosa lake, na yote yamefungamana na haki: taarifa ya mapema, sababu zilizoelezwa, na malipo ya kiinua mgongo kwa anayestahili.

Hapo ndipo uzito wa tafsiri unapoonekana. Mtu akisoma barua isemayo "kampuni itapunguzwa ukubwa", hawezi kutambua kwamba ni yeye anayeondoka, wala kwamba kuna sheria ya kumlinda. Akisoma "amefukuzwa kazi", atadhani ametuhumiwa kosa.

Kiswahili kinayo njia yake. Kitenzi "punguza" humlazimu msemaji ataje kinachopunguzwa: bei, mwendo, mzigo. Kwa hiyo tuandike "kupunguza wafanyakazi" tunapotaja kitendo cha mwajiri, na "kuachishwa kazi kwa sababu ya kupunguzwa kwa wafanyakazi" tunapoeleza lililompata mtu. Usemi "amepunguzwa kazini" umekwisha kuzoeleka na hauna haja ya kupingwa, ijapokuwa kinachopungua hasa ni idadi, si mtu. "Kupunguza ukubwa" tuyaachie magari.

Mfasiri anayekutana na neno hili hana budi kujiuliza kwanza: ni nini, au ni nani, anayepunguzwa? Jibu la swali hilo ndilo liandikwe.