Muziki wa boti unazingua? Kagua vitu hivi 7 kabla hujamuita fundi

Boti ya matembezi bila muziki siku hizi ni ngumu kuuzika. Iwe ni boti ya kupeleka watu Mbudya na Bongoyo hapa Dar, jahazi la kutazama machweo Unguja au boti ya kioo Mombasa, abiria wengi wanauliza mambo mawili: bei gani, na spika ipo?

Shida ni kwamba baharini vifaa haviharibiki kama vinavyoharibika nyumbani. Chumvi, unyevu, jua kali na mtikisiko wa injini vinakula waya taratibu bila wewe kujua. Tena kwenye boti nyingi ndogo, muziki unanyonya betri ile ile inayowasha injini. Betri ikiisha mkiwa kisiwani na kusi limeanza kuvuma, mtaacha kuwaza muziki na kuanza kuwaza mtarudi vipi.

Kabla ya kugusa chochote

Zima injini na swichi kuu. Ukisikia harufu ya petroli, fungua vifuniko, acha hewa ipite, na usiguse betri mpaka harufu iishe. Cheche moja tu inatosha kuwasha moto. Ukitaka kufungua betri, anza na waya wa hasi. Ukirudishia, hasi iwe ya mwisho.

Unahitaji mita ya umeme (ile ya bei ya kawaida inatosha), spana, msasa laini, fyuzi za akiba na betri moja ndogo ya rimoti.

1. Redio haiwaki kabisa

Wengi wanakimbilia kufungua redio. Anza na betri.

Pima betri ikiwa imepumzika, injini imezimwa. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki kama nusu. Ikishuka chini ya 12, iko hoi.

Washa injini upime tena. Mfumo wa kuchaji ukiwa mzima, utaona kati ya 13.8 na 14.4. Namba isipopanda, betri haichajiwi. Kumbuka pia kuwa injini nyingi ndogo za kuvuta kamba hazina mfumo wa kuchaji kabisa.

Betri ikiwa nzima, angalia vichwa vyake. Ukiona unga mweupe au wa kijani, sugua kwa msasa kisha kaza nati. Halafu kagua fyuzi, ya karibu na betri na ile ya nyuma ya redio. Fyuzi ya ampea 10 ikikata, weka ya ampea 10. Usiweke ya 30 wala karatasi ya sigara. Fyuzi ikikata mara ya pili, kuna waya unagusana mahali, utafute.

2. Inawaka, ila ukiongeza sauti inazima

Hapa umeme unapungua njiani. Sauti ikiwa juu, hasa besi, amplifaya inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Kama waya ni mwembamba au umeoza, volti zinaanguka na redio inajizima.

Piga muziki kwa sauti ya juu, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye amplifaya. Tofauti ikizidi nusu volti, kosa lipo kati ya sehemu hizo mbili: waya, kiungio au kishikizo cha fyuzi. Chubua waya kidogo uone. Shaba ikiwa nyeusi au ya kijani ndani, kata uweke mpya.

3. Redio inaonesha inapiga, spika zote kimya

Kwanza hakikisha sauti haijabanwa kwenye simu au kwenye redio. Usicheke, hii inatokea sana.

Kisha angalia taa ya amplifaya. Kama haijawaka kabisa, kagua ule waya mwembamba unaotoka kwenye redio kuja kuiamsha amplifaya. Kwenye redio nyingi una rangi ya bluu wenye mstari mweupe. Ukikatika, redio itaimba peke yake bila amplifaya kusikia.

Kama taa ni nyekundu, kwa kawaida amplifaya imejifunga kujilinda. Sababu kubwa ni joto, waya za spika kugusana, au spika nyingi kupita uwezo wake. Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya inaziona kama omu 2. Si kila amplifaya inaweza kubeba hiyo.

4. Spika moja imekufa au inakwaruza

Badilisha waya: ule wa spika mbovu upeleke kwenye spika nzima. Spika nzima ikinyamaza, tatizo ni waya au amplifaya. Ikiimba vizuri, spika ya kwanza ndiyo mgonjwa.

Njia nyingine: chomoa spika kutoka kwenye amplifaya, kisha gusisha betri ya rimoti ya volti 1.5 kwenye waya zake mara moja tu. Ukisikia "tak", koili yake bado iko hai. Kimya maana yake waya umekatika au koili imeungua. Ikilia lakini kwa mkwaruzo, kuna uwezekano chumvi au mchanga umeingia, au karatasi yake imechanika.

5. Kuna mlio wa "wiiii" unaopanda na injini

Ukiongeza mwendo mlio unapanda, ukipunguza unashuka. Huo ni umeme wa alternata unaoingia kwenye sauti.

Hakikisha redio na amplifaya vinatumia sehemu moja ya hasi, iliyosuguliwa na kukazwa vizuri. Pia tenganisha waya za sauti, zile zenye vichwa vyekundu na vyeupe, na waya nene za betri. Zikipita upande mmoja zimeshikana, mlio lazima. Kama bado upo, kuna vifaa vya kuchuja mlio vinauzwa kwenye maduka ya redio za magari.

6. Bluetooth inakatakata

Redio nyingi zinashika simu ndani ya kama mita 10 tu, tena pasipo kizuizi. Mwili wa binadamu una maji mengi na maji yanazuia mawimbi hayo. Boti ikijaa watu, au simu ikiwa mfukoni mwa mtu aliyeketi mbele, muziki utakata. Iweke simu karibu na redio, kwenye mfuko usiopitisha maji.

7. Redio inasahau stesheni kila ukizima

Kwenye redio nyingi, waya wa njano ndio unaotunza kumbukumbu na unatakiwa uwe na umeme muda wote. Mwekundu ni wa kuwashia. Kama yote miwili imepita kwenye swichi moja, kila ukizima unafuta kila kitu.

Piga hesabu ya betri

Betri ya saa-ampea 100 na muziki unaovuta ampea 10: ndani ya saa 5 umekula nusu. Betri za kawaida za asidi hazipendi kushuka chini ya hapo. Mkishinda kisiwani kutwa nzima huku muziki unapiga na injini imezimwa, usitegemee jioni itawaka.

Suluhisho la uhakika ni betri mbili: moja ya injini tu, nyingine ya muziki na taa.

Dira na redio ya mawasiliano

Spika ina sumaku. Ikikaa karibu na dira, inaipotosha. Jaribu hivi: soma dira, sogeza spika, soma tena. Dira ikiyumba, hapo si mahali pa spika.

Na muziki usizidi sauti ya redio ya mawasiliano. Kanali 16 ndiyo ya dharura baharini, na nahodha asiyeisikia hatajua kama kuna mwenzake anaomba msaada.

Ili usirudie kazi

Tumia waya wa shaba uliopakwa bati, unavumilia chumvi. Usiunge kwa kusokota na kufunga selotepu. Lehemu au bana vizuri, kisha funika kwa mpira wa kubana kwa joto. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri. Ukinunua spika, tafuta alama ya IPX7, maana yake inastahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Na ukirudi kutoka safari, futa vifaa kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo.

Ukiona waya umeyeyuka, ukanusa harufu ya kuungua au betri imevimba, usijaribu mwenyewe. Zima swichi kuu, mwite fundi wa boti, na usitoe boti na abiria mpaka amemaliza.