Kisanduku Chenye Vitufe: Sehemu ya Historia ya Kwaya Yetu

Historia ya kwaya kwa kawaida hutaja waanzilishi, walimu na nyimbo. Katika jubilii hii tuwakumbuke pia vijana wanaoketi nyuma ya kanisa mbele ya kisanduku chenye vitufe. Wengi wetu tunakiita swicha. Hupokea picha za kamera kadhaa kwa pamoja, na kijana anayeiendesha huchagua ile watakayoiona walio nyumbani.

Kazi hii ina miaka mingi. Tarehe 12 Mei 1937 BBC ilirusha moja kwa moja msafara wa kutawazwa kwa Mfalme George VI mjini London, kwa kamera tatu na gari maalumu la mitambo. Siku hizo ilikuwa lazima kamera zote zifuate mapigo mamoja ya umeme, kama waimbaji wanavyofuata mkono wa mwalimu. Kamera ikitoka kwenye mapigo, picha iliruka kila ilipobadilishwa. Mitambo ya kuzipatanisha ilikuwa ghali, kwa hiyo ilibaki mikononi mwa vituo vya runinga. Makanisa mengi yalitegemea kamera moja ya kurekodi harusi na tamasha.

Mwaka 2019 kampuni ya Blackmagic Design ya Australia ilitoa swicha ndogo iitwayo ATEM Mini, kwa dola 295 za Marekani. Ina nafasi nne za kamera, nayo huzipatanisha yenyewe. Gari zima la mitambo likawa kitu cha kubeba kwapani.

Machi 2020 ibada za pamoja zilisimamishwa nchini kwa sababu ya korona. Makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai, mwisho ulikuwa watu 100 kwa saa moja, na waliozidi miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Wazee waliotufundisha kuimba wakawa wanatuona kwenye simu tu.

Ndipo swali likaja kutoka kwa mzee wetu mmoja: "Besi nawasikia, mbona siwaoni?" Ilikuwa kweli. Kamera zilikaa kwa mwimbishaji na safu ya mbele ya soprano. Waliosimama nyuma waliimba ibada nzima bila uso wao kuonekana na mtu aliye nyumbani, hata mama zao.

Kwaya ikakubaliana kwamba kijana wa swicha ahudhurie mazoezi kama mwimbaji mwingine yeyote. Ajue tena wanaingia wapi na alto wanashika wapi. Swicha humwezesha kuona kamera zote kabla hajachagua, hivyo huiandaa picha ya besi mapema na kubonyeza wanapovuta pumzi. Akisubiri wasikike kwanza, amechelewa. Pia huichelewesha sauti kidogo sana, kwa kuwa picha huchukua muda kupita kwenye mitambo. Bila hivyo midomo na wimbo haviendi pamoja.

Leo majina ya vijana hawa yamo katika daftari la mahudhurio ya kwaya, pamoja na ya waimbaji. Wazee wengi wamerudi kanisani, lakini wako wasioweza tena kutoka kitandani, na wako ndugu zetu walio kazini Ghuba. Kwao, kwaya ni kile kinachoonekana kwenye skrini. Mtakapotazama video ya jubilii hii, angalieni kama kila safu imeonekana. Mkikuta iliyoachwa, mwambieni katibu kabla ya mazoezi ya Jumamosi.