Nyaturu Namba 3020: Jina Letu, Mashine Yao

Katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi kimehifadhiwa kichwa cha treni ya mvuke, namba 3020, chenye jina Nyaturu. Kwetu sisi wa Chemba, Wanyaturu ni majirani wa upande wa Singida. Mashine hiyo iliundwa Glasgow, Uskoti, katikati ya miaka ya 1950, na kampuni ya North British Locomotive. Jina ni la kwetu. Maarifa yaliyoiunda hayakuwa yetu. Pengo hilo ndilo ninalotaka tulitafakari.

Reli ya Kati ilianzishwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Dodoma na kufika Kigoma mwaka 1914. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliichukua Tanganyika pamoja na reli yake. Mwaka 1948 waliiunganisha na reli ya Kenya na Uganda, likazaliwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki.

Wasanifu wa Uingereza walikabiliwa na tatizo moja kubwa. Nguvu ya mvuke hutoka kwenye boila, na boila kubwa ni nzito. Reli za makoloni zilijengwa kwa gharama ndogo: upana wa mita moja tu, na sehemu nyingi vyuma vyepesi. Jibu lilitolewa na mhandisi Herbert Garratt, aliyesajili hataza yake mwaka 1908. Aliweka boila katikati, ikiwa imening'inia juu ya fremu, na kila upande akaweka seti ya magurudumu yenye injini yake, tangi la maji likiwa mbele na mafuta nyuma. Uzito ukasambaa, na mashine ndefu ikaweza kukata kona. Kwa usanifu huo, kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kiliunda vichwa 34 vya daraja la 59, kila kimoja kikiwa na takriban tani 252. Vilifanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi, na hakuna vichwa vya mvuke vya reli ya mita moja vilivyovizidi nguvu. Daraja la 60 lilikuwa jepesi zaidi, kwa ajili ya njia dhaifu.

Tazama sasa majina. Daraja la 59 lilipewa majina ya milima yetu, kama Gelai na Shengena. Madaraja ya 29, 30 na 31 yalipewa majina ya makabila. Daraja la 60 lilipewa majina ya magavana, ambayo yaliondolewa baada ya uhuru. Wakati huohuo, ajira katika shirika hilo zilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Mtu aliweza kuona kabila lake limeandikwa ubavuni mwa mashine ya shirika lililomweka yeye mwenyewe chini. Haishangazi kwamba mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wa Tanganyika waligoma.

Heshima ya jina haikuhamisha ujuzi. North British ilifilisika mwaka 1962, na Beyer Peacock ikafunga kiwanda chake miaka michache baadaye. Mwaka 1977 Shirika la Reli la Afrika Mashariki nalo likavunjika. Waliobaki na mashine hawakuwa wale waliozisanifu.

Ndugu msomaji, mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ilifika Dodoma. Naifurahia, kwa sababu mkulima wa alizeti na ufuta wa Chemba anahitaji njia ya uhakika ya kufikia soko. Hata hivyo vichwa vyake vimeundwa Korea Kusini, na njia yenyewe imejengwa na wakandarasi wa nje. Kununua si aibu. Waingereza wenyewe walianza kwa kujifunza katika migodi ya makaa ya mawe kabla ya kuuzia dunia. Aibu ni kununua kizazi baada ya kizazi bila kujifunza kutengeneza.

Kwa hiyo watumishi wa umma wanaosimamia mikataba wanapaswa kuulizwa maswali matatu. Ni vijana wangapi wa Kitanzania wanafundishwa kufungua na kufunga injini hizo? Michoro yake tunayo? Vipuri gani vitaundwa hapa nchini, na kuanzia lini? Wanafunzi wa uhandisi wayaulize kwa sauti, maana kubandika jina la Kiswahili ubavuni mwa treni ni kazi ya mchana mmoja.