Udongo wa Boko na Ngoma Zilizooza

Anayetoka Tegeta kwenda Bunju hupita Boko, kaskazini mwa Dar es Salaam, bila kuona gofu lolote. Magofu yako Kunduchi, upande wa kusini: msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi ya nguzo yaliyopachikwa mabakuli ya Kichina. Historia ya pwani hii imezoea kusomwa kwenye mawe ya namna hiyo, na ndiyo maana historia ya muziki wake nayo husimuliwa kwa mkato. Wageni wa Uajemi na Uarabuni, tunaambiwa, walileta zumari na mambo ya kifalme, baadaye tarabu ikaingia Zanzibar, na wenyeji wa Mrima, pwani hii ya bara, walikuwa na ngoma tu, ngoma zisizo na umri wala historia. Mkato huo umezaliwa na kuoza kwa vitu. Kilichosalia ardhini kimehesabiwa, kisha kikachukuliwa kuwa ndicho pekee kilichokuwapo.

Itazame ngoma yenyewe inavyotengenezwa. Gogo hukombwa ndani likabaki ganda, ngozi ikiwa bado mbichi huwambwa mdomoni, kisha hukazwa kwa vijiti vya mti vinavyopigiliwa kuzunguka ukingo. Kabla ya kuchezwa hupashwa moto mpaka ngozi ikaze na sauti ipande. Msondo mrefu, chapuo ndogo na vumi lenye sauti nzito vyote ni mti na ngozi. Kayamba ni mabua na mbegu, zeze ni kibuyu, kijiti na uzi. Hakuna hata kipande kimoja ambacho mchwa atakiacha, na palipo na joto, unyevu na masika na vuli kila mwaka, mchwa hahitaji hata kuharakisha. Mtaalamu akichimba kijiji cha kale cha udongo na fito atapata vigae, shanga, makombe na mavi ya chuma. Ngoma hataipata, hata kama kijiji kizima kilikesha kikiicheza. Pengine bara lina bahati zaidi: kwenye vilima vya mawe vya Moru, Serengeti, upo mwamba wenye vishimo vilivyotokana na kugongwa, nao ukigongwa hulia. Jiwe limehifadhi alama za mikono ya wapigaji. Boko haina mwamba wa aina hiyo.

Ushahidi basi utafutwe kwingine, na ulio bora unatoka, ajabu kidogo, kwenye vyombo vya watawala. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alimwona sultani wa Mogadishu akitembea huku ngoma na tarumbeta zikipigwa mbele yake. Mwaka 1498 mwandishi wa safari ya Vasco da Gama alieleza mapokezi ya Malindi: mfalme alikuwa na pembe mbili za ndovu zilizonakshiwa, kila moja na kimo cha mtu, zikipulizwa kwenye tundu lililo ubavuni. Siwa (baragumu ya kifalme) ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, ambazo leo ziko katika makumbusho ya Lamu, ni za ukoo huohuo. Hilo tundu la ubavuni ndilo lenye uzito. Tarumbeta za Uarabuni na Uajemi hupulizwa kwa kinywa kilicho nchani. Kutoboa pembe ubavuni ni ufundi ulioenea Afrika, kwenye pembe za ndovu na za wanyama wengine wa porini, ikiwamo mbiu ya kawaida ya kuitia watu. Fundi wa siwa hakuagiza umbo lake ng'ambo. Alichukua chombo kilichojulikana kwa wawindaji na wapiga mbiu, akakikuza na kukitia nakshi mpaka kikamstahili sultani. Pembe za maskini zilitupwa zikaoza, za wafalme zikatunzwa, na sasa tunaitazama siwa kana kwamba haikuwa na wazazi.

Mtu anaweza kupinga: bila kitu kilichofukuliwa, kila mwenye kabila lake atadai ngoma yake ina miaka 2,000. Pingamizi hili lina haki, na linaweka mipaka. Hakuna anayeweza kusema ngoma ya mdundiko inayochezwa mitaani leo ilichezwa vilevile zama za wafinyanzi wa kwanza wa pwani hii. Lakini mpaka huo unakata pande zote mbili, kwa sababu asiyeweza kuthibitisha ukale wa ngoma hawezi pia kuthibitisha uchanga wake. Isitoshe, kuna chombo kisichooza upesi, nacho ni chuma. Great Zimbabwe, katika akiba iliyofukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20, zilipatikana kengele za chuma pamoja na vyombo vya Kichina, na katika mji huohuo iliokotwa sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa. Mwanahistoria Jan Vansina alizifuatilia kengele za namna hiyo katika makala yake ya 1969, akazihusisha na heshima ya utawala Afrika ya Kati. Sidai kwamba kengele hizo zilifika Boko. Nadai jambo dogo zaidi: katika utafiti wake Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, mwanaakiolojia Felix Chami ameonyesha kwamba chuma kiliyeyushwa tangu karne za mwanzo baada ya Kristo, na watu wenye uwezo huo wangeweza kufua njuga, kengele ndogo za kuvaa miguuni.

Zumari kweli ni mgeni, na kulikana hilo ni ushabiki. Ila mgeni huyo alipokelewa ndani ya ngoma zilizokuwapo, naye akafuata mapigo ya ngoma hizo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903 katika Desturi za Wasuaheli, anazitaja ngoma nyingi za Mrima kwa majina, za mji na za shamba, kama mambo ya watu wenye taratibu zao. Huo ndio waraka wa karibu zaidi tulio nao kwa eneo hili, na unapaswa kusomwa na wachimbaji kabla hawajashika koleo.

Tatizo la sasa ni la haraka kuliko mjadala huu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa mabaki ya kale, na ngoma ya mti ni nadra kuishi muda huo. Kipande cha njuga kingeweza kuuvuka, lakini chuma kilicholiwa na kutu hufanana na mavi ya chuma, na Boko inachimbwa misingi ya nyumba kila wiki. Fundi wa ujenzi akikutana na vijipande vya duara vyenye mwanya, vimeshikana kwa kutu, atavitupa na kifusi. Njuga ya namna hiyo ndiyo kitu cha kwanza cha kumwonyesha picha yake.