Kutoka Nsambya hadi Teso: Sarufi ya Kiteso na Sera ya Lugha

Mwaka 1895 Wamisionari wa Mill Hill, wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon, walipewa na Kabaka Mwanga kilima cha Nsambya kiwe makao yao. Kutoka hapo jimbo lao lilienea mashariki hadi Teso. Nsambya, hata hivyo, ilikuwa nchi ya Kiganda, na Kiganda ndicho kilichotangulia kufika Teso mwanzoni mwa karne ya 20. Kilipelekwa na mawakala waliomfuata Semei Kakungulu, kikawa lugha ya utawala.

Kiteso si lugha ya Kibantu bali ya Kiniloti. Katika sentensi yake ya kawaida kitenzi hutangulia, kikafuatwa na kiima, kisha shamirisho. Badala ya ngeli nyingi, nomino hugawanywa katika jinsia tatu zinazodhihirishwa na viambishi awali: *ekile* (mwanamume), *aberu* (mwanamke), *ikoku* (mtoto). Kujua Kiganda hakukumpunguzia mgeni kazi. Sarufi hii ilidai maelezo yake yenyewe. Mwaka 1915 mmisionari wa Kianglikana A. L. Kitching alichapisha mwongozo wa Kiteso.

Leo Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, kinapita njia ileile. Ngeli zake zina mizizi inayofahamika kwa mtoto wa Kampala, si kwa mtoto wa Soroti. Mtaala unaowachukulia wote kuwa Wabantu utarudia historia hiyo. Kitabu cha Kiswahili cha Teso hakina budi kuanzia kwenye sarufi ya Kiteso.